Programu ya kazi kwa wenye ADHD: jenga kwanza njia ya kurudi

Swali la msomaji: Ninatengeneza programu ya simu ya kupangilia kazi, na nimewalenga watu wazima wenye ADHD. Mdogo wangu wa kike ana hali hiyo na ndiye aliyenipa wazo. Watu wanaonijaribia huisifia sana wiki ya kwanza: wanaingiza kazi zao zote, wanachagua rangi, wananitumia ujumbe wa shukrani. Kufikia wiki ya tatu hawaifungui tena, mdogo wangu akiwemo. Nimefikiria kuongeza pointi, hesabu ya siku mfululizo na vikumbusho vingi zaidi. Niongeze nini ili wabaki?

Jibu: Ndugu yangu, usiongeze kitu kwanza. Hayo unayoyaona ni ya kawaida kabisa kwa watumiaji wa aina hii, na kati ya hayo matatu uliyoyataja, mawili yatawafukuza mapema zaidi. Nitaeleza sababu, lakini nianze na swali lenyewe. Unauliza wafanyiwe nini ili wabaki. Hawatabaki. Mtu mwenye ADHD ataiacha programu yako wiki fulani, sawa na alivyoacha daftari, kalenda ya ukutani na programu nyingine kabla ya yako. Ataugua, atasafiri, atapata kazi mpya itakayomteka akili, au upya wa programu utamwishia tu. Cha kujiuliza ni hiki: akiwa ameondoka siku kumi, siku atakayoifungua tena atakuta nini?

Tuweke msingi kidogo. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unataka dalili ziwe zimejitokeza kabla ya umri wa miaka 12, na unakadiria kuwa hali hii inawapata takriban asilimia 2.5 ya watu wazima. Mwanasaikolojia Russell Barkley, aliyechapisha mwaka 1997 nadharia inayoiweka ADHD kwenye uwezo wa mtu kujizuia na kujiongoza, amesisitiza kwa miaka mingi jambo moja ambalo mbunifu hapaswi kulisahau: watu hawa wanajua la kufanya. Kinachowashinda ni kulifanya lile wanalolijua, mahali pale na wakati ule linapotakiwa.

Sasa itazame programu ya kawaida ya kazi kwa jicho hilo. Karibu zote ni ghala la mambo ya kufanya. Zinamweleza mtu, kwa mpangilio mzuri, yale ambayo tayari anayajua na tayari yanamsumbua. Ukimpa orodha ya mambo 40 yaliyopangwa kwa rangi, umempa maarifa, na maarifa hakuwa na upungufu nayo.

Fuatilia anavyoanguka, siku kwa siku. Jumatatu amejiwekea kazi tisa za leo, akamaliza tatu. Jumanne anaamka na sita zilizoandikwa “imechelewa” kwa wino mwekundu, pamoja na nane mpya. Jumatano anafungua programu kutafuta jambo moja tu, namba ya kumbukumbu aliyoiandika humo, na kabla hajaifikia amesomewa mashtaka kumi na manne. Alhamisi haifungui. Kuanzia hapo ile namba nyekundu juu ya aikoni inakaa kwenye simu yake kama mdai mlangoni, naye anajifunza kutotazama upande ule wa skrini. Kumbuka kwamba wengi wao wameitwa wavivu na wazembe tangu darasa la kwanza. Programu yako imeendeleza sauti ileile waliyoizoea, nao wamefanya kile ambacho mtu yeyote angefanya.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni skrini ya kurudi. Mtumiaji akikaa siku tatu au nne bila kufungua, asikutane na mrundikano. Akutane na skrini tupu yenye maneno machache: “Karibu tena. Leo kuna jambo gani moja?” Chini yake sehemu ya kuandika, na chini zaidi, kwa maandishi madogo, “Kazi zako za zamani ziko rafuni.” Zile zilizopitwa na muda zijihamishe zenyewe kwenda rafu hiyo, bila tarehe na bila rangi nyekundu. Usizifute, maana hofu ya kupoteza kitu nayo huwafanya watu washindwe kupumua. Wala usimwambie amekosekana siku ngapi. Anajua.

Hilo litakulazimisha kutatua jambo ambalo programu nyingi zimelikwepa: tarehe ziko za aina mbili. Iko tarehe inayotoka nje, ya mtihani, ya kulipa bili, ya miadi ya daktari, ambayo ikipita kuna madhara. Na iko tarehe ya kutamani: ningependa kupanga kabati Jumamosi. Programu nyingi zina sehemu moja tu ya tarehe, hivyo mtu anaandika “leo” kwenye kila kitu kwa sababu leo ana nguvu na matumaini. Wiki mbili baadaye matamanio yote yamegeuka madeni, na bili ya kweli imezama katikati yake. Zitenganishe tangu kwenye hifadhidata. Tarehe ya kutamani ikipita, kazi irudi kimya kwenye rundo la kawaida. Tarehe ya mwisho ya kweli ndiyo peke yake yenye haki ya kupiga kelele, na kwa kuwa zitakuwa chache, kelele hiyo itasikika. Hizi pia ndizo pekee zinazoruhusiwa kuonekana kwenye skrini ya kurudi, zikiwa zimebakiza siku chache. Ningekuwa na muda wa kutengeneza jambo moja tu kwenye programu yako, ningetengeneza hili.

Siku mfululizo, achana nazo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowafuata watu 96 wakijijengea tabia mpya. Muda wa katikati hadi tabia kukaa ulikuwa siku 66, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuathiri ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana. Hesabu inayorudi sifuri kwa sababu ya siku moja inamweleza mtu kinyume cha hayo: kwamba yote aliyofanya yamepotea. Kwa mtu ambaye kukosa siku ni sehemu ya hali yake, umemwekea mtego ambao una uhakika atauingia. Kama unataka hesabu, weka isiyoshuka: “Umemaliza kazi 112 tangu uanze.” Akiondoka mwezi mzima akarudi, namba inamngoja palepale.

Kwenye pointi sina ugomvi mkubwa. Watafiti kama Edmund Sonuga-Barke wameonyesha kwamba wengi wenye ADHD huona uchungu wa kusubiri kuliko wengine, na tuzo ya sasa hivi huwavuta kuliko tuzo kubwa ya baadaye. Basi tuzo iwe papo hapo na iwe nyepesi: mtetemo mfupi, sauti ya kupendeza, mstari unaoteleza na kutoweka. Ila usijenge duka la pointi lenye viwango na beji, kwa sababu litakuwa kitu kingine cha kusimamia na upya wake utaisha. Na tuzo hiyo usiiweke kwenye kumaliza peke yake. Iweke kwenye kuanza pia, kwa kuwa kuanza ndiko kunakouma zaidi.

Hapo kwenye kuanza nataka tukae kidogo. Mtu ameandika “Ripoti ya idara”. Kila akiyaona maneno hayo ubongo wake unapaswa kujibu maswali manne kwa mkupuo: faili liko wapi, niliishia wapi, naanza na lipi, itachukua muda gani. Hajibu hata moja, anahisi uzito, anafungua kitu kingine. Sasa mbele yake paandikwe: “Fungua faili la ripoti, andika kichwa cha sehemu ya pili.” Mkono unajua uende wapi. Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 nguvu ya mipango ya “ikiwa hivi, basi vile”, ambapo mtu anafunga tendo kwenye tukio mahususi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hiyo na wakakuta athari yake kwenye kutimiza malengo ni ya kati hadi kubwa. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza “lini”, programu yako iulize “baada ya nini”. Nikishaweka kikombe mezani, nafungua faili. Tukio lenyewe linakuwa kengele.

Lakini usilazimishe. Mtu anapokumbuka jambo akiwa kwenye ngazi, anataka kuliandika kwa sekunde tatu, na ukimdai hatua ya kwanza, kundi, kipaumbele na makadirio ya muda, ataacha kuandika. Kunasa wazo ni tendo moja, kuliandaa ni tendo jingine, na yafanyike nyakati tofauti. Hatua ya kwanza iulizwe pale mtu anapobonyeza “Anza” na kazi bado haina hatua.

Akibonyeza “Anza”, orodha nzima itoweke. Ibaki hatua moja na saa ya dakika tano inayopungua. Dakika hizo zikiisha, vitufe viwili: “Naendelea” na “Inatosha kwa sasa”. Viwe na ukubwa mmoja na rangi ya hadhi moja, kwa sababu kitufe cha kuacha kikifichwa pembeni kwa kijivu, mtu anaelewa kuwa dakika tano zilikuwa chambo, na kesho hataanza. Kama umefikiria kutumia akili mnemba kuvunja kazi kubwa vipande vipande, inafaa, mradi usimwonyeshe vipande kumi na vinne kwa pamoja. Kimoja, kisha kinachofuata.

Muda nao una shida yake. Barkley ameuita upofu wa muda: kuna sasa, na kuna baadaye isiyo na umbo. Hata wasio na ADHD hukosea. Roger Buehler na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya wanafunzi waliokadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 33.9 na wakamaliza kwa siku 55.5. Kwa hiyo usijenge kitu chochote kinachotegemea makadirio ya mtumiaji. Pima wewe kimyakimya, kisha mrudishie: “Mara ya mwisho hii ilichukua dakika 50.” Taarifa hiyo moja ina thamani kuliko grafu zote za tija utakazomchorea. Muda unaopita uonekane kama umbo linalopungua, duara linalomegeka, kwa sababu tarakimu zinataka hesabu na umbo linasomeka kwa jicho la pembeni. Na kwa miadi, saa ya miadi si saa inayomhusu. Miadi ya saa tisa alasiri, safari ya nusu saa, maandalizi ya robo saa: anachohitaji kuambiwa ni kwamba saa nane na robo aache alichoshika, na saa nane na nusu awe nje ya mlango. Waliozama kwenye kazi wanayoipenda wanahitaji onyo la mapema zaidi kidogo, kwa kuwa kujitoa nako kunakula muda.

Sasa vikumbusho. Vingi zaidi ni kosa. Arifa inayojirudia bila mabadiliko huzoeleka, na baada ya siku chache kidole huifuta kabla jicho halijaisoma. Kila arifa iwe na jambo moja na vitufe vya kujibia humohumo: “Anza dakika 5”, “Baada ya saa moja”, “Leo hapana”. Hiki cha tatu ni cha lazima. Mtu asiye na njia ya heshima ya kukataa atazima arifa zako zote. Ikiwezekana, ruhusu pia “Nikifika nyumbani” au “Nikifika ofisini”, kwa sababu kukumbuka jambo linalofungwa kwenye tukio au mahali ni rahisi kuliko lile linalofungwa kwenye saa, na kwa wenye ADHD ni saa inayosumbua zaidi. Na kazi ikiahirishwa mara tatu, usiirudie kwa sauti ileile. Badilisha swali: “Kazi hii ni kubwa mno, haieleweki, au haihitajiki tena?” Majibu hayo matatu yana njia tatu tofauti: ivunjwe, iandikwe upya, au ifutwe bila majuto. Nimewaona watu wakitulia usoni kwa kubonyeza la tatu.

Upande wa ufundi angalia hili, maana ndipo programu nyingi nzuri zinapofia. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, arifa zinahitaji ruhusa ya mtumiaji. Tangu Android 14, programu nyingi zinazosakinishwa upya hazipewi ruhusa ya kengele za dakika kamili mpaka mtumiaji aiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Kwenye iPhone, mfumo unahifadhi arifa 64 tu zinazosubiri kutoka kwa programu moja. Ukipanga zaidi, nyingine hazitakuja wala hutaona kosa lolote. Mtu mwingine kikumbusho kikikosa kulia, anakasirika kisha anasahau. Huyu wako alikuwa amekukabidhi kumbukumbu yake. Kikikosa mara moja kwenye jambo zito, hataamini tena. Kwa hiyo ombi la ruhusa liweke pale anapotengeneza kikumbusho chake cha kwanza, kwa sentensi inayoeleza sababu, na ruhusa ikizimwa baadaye mwambie waziwazi kwamba vikumbusho havitalia.

Kunasa wazo nitapita haraka: wijeti kwenye skrini ya mwanzo, na kwenye skrini iliyofungwa pale mfumo unaporuhusu, sehemu moja ya kuandika, na kitufe cha sauti. Hatari ni njia ya kufika kwenye programu yako. Akifungua simu aandike jambo, anakutana na ujumbe mpya, na baada ya dakika ishirini hakumbuki alichokuja kufanya. Kila hatua unayoipunguza hapo ni kazi iliyookolewa.

Kuhusu zile rangi walizochagua wanaokujaribia: wiki ya kwanza kupanga mfumo mpya kunaleta raha inayofanana na kufanya kazi yenyewe, ndiyo maana wanakuandikia shukrani. Usikiamini kipimo hicho. Ficha rangi, makundi na lebo mpaka wiki ya pili, na uhakikishe kikao cha kwanza kinaisha na jambo moja lililofanywa, hata kama ni kutuma ujumbe mmoja. Skrini ya leo isibebe zaidi ya mambo matatu; Nelson Cowan alionyesha mwaka 2001 kwamba akili ya mtu mzima hushikilia takriban vitu vinne kwa wakati mmoja, na huyu unayemhudumia ana mengine tayari kichwani. Kitu chochote kinachocheza au kupepesa kwenye skrini kiwe na njia ya kukisimamisha.

Namna ya kujaribu nayo ibadilike. Watafute waliokwisha kuiacha, kaa nao wakiifungua kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, na unyamaze. Tazama uso kabla ya kidole. Mtu akivuta pumzi kabla ya kugusa, skrini hiyo ina tatizo, hata kama akikwambia ni nzuri. Mdogo wako anaweza kuwa wa kwanza, kama ataridhia, ila asiwe pekee: anakupenda, na atakusamehe mambo ambayo mgeni hatakusamehe. Kisha badala ya kuhesabu wangapi wanafungua kila siku, hesabu hawa: kati ya waliokaa wiki nzima bila kufungua, wangapi wamerudi na kumaliza jambo moja ndani ya siku hiyo. Namba hiyo ikipanda, mengine yatafuata.

Usiitangaze kama tiba. Mchezo wa video uitwao EndeavorRx ulipata idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, na ulilazimika kupitia majaribio ya kitabibu. Chako ni chombo cha kusaidia, na hilo linatosha. Usimdai mtu uthibitisho wa daktari kabla ya kumruhusu kuingia, na kama huna sababu ya kuhifadhi kwenye seva yako kwamba fulani ana ADHD, usihifadhi.

La mwisho ni pesa, na hapa nakusihi uamue kabla hujaanza kutoza. Malipo ya mwezi yanayojikata yenyewe hupata faida kubwa kutoka kwa watu wanaosahau kuyasitisha, na wewe unatengenezea watu ambao kusahau ndiko kulikowaleta kwako. Siku saba kabla ya kukata, mpe arifa yenye kiasi, tarehe, na kitufe kinachompeleka moja kwa moja pa kusitishia. Akipitisha mwezi mzima bila kufungua programu, usimkate hata senti: mwandikie kwamba umesimamisha malipo yake, kazi zake zote zipo, na atakaporudi ataendelea alipoishia.